Muzee Tahsin Yazıcı, jenerali wa Waturuki katika vita ya Korea

Siku hizi jina la Tahsin Yazıcı halisikiki mingi, lakini mwisho wa mwaka wa 1950 magazeti ya inchi nyingi yalimuandika. Alizaliwa 1892, wakati sultani angali anatawala. Mwaka wa 1915 alikuwa ofisa kijana kule Çanakkale, anapigana na Waingereza na Wafaransa. Kuna vitabu vya kigeni vinavyosema aliongoza divisheni nzima pale. Haiwezekani: alikuwa na miaka 23 tu.

Vita ya Korea ilianza mwezi wa 6, mwaka wa 1950. Umoja wa Mataifa uliomba waaskari, na Uturuki ikatoa brigadi ya watu karibu 5.000, wengi wao vijana wa vijijini. Mukubwa wao njo yeye, muzee wa miaka 58. Mwezi wa 10 walishuka Pusan. Wamarekani njo walipaswa kuwalisha, na shida ikaanza na chakula: nyama ya nguruwe Waislamu hawakukula, mukate ulikuwa laini sana, kahawa ilikuwa kama maji. Hiyo walitengeneza. Lakini shida ya luga ilibaki. Muzee hakujua Kiingereza. Amri za Wamarekani zilipita kwanza kwa mutu wa kutafsiri. Ule anayefanya kazi shimoni anajua: amri ikichelewa dakika tano, mutu amekwisha kufa.

Tarehe 26 mwezi wa 11, Wachina walivunja jeshi la Korea ya Kusini upande wa Tokchon. Brigadi ikatumwa kuziba tundu, wengi kwa miguu, katika milima na baridi kali, na njiani amri zikabadilika. Karibu na Wawon wakaona waaskari wanakuja. Wakapiga, wakakamata wengine. Habari ya ushindi ikaenda mbio. Nyuma, kama vitabu vya Wamarekani vinavyoandika, ikaonekana waliokamatwa walikuwa Wakorea wa Kusini wanaokimbia, ni kusema wenzao. Wanaomsifu muzee hupita pale haraka. Mimi naona haifai kupita, sababu wale nao walikuwa na mama.

Kisha Wachina wenyewe wakafika, wengi sana. Waturuki wakazungukwa, na pahali pengine walipigana na visu vya bunduki. Mpaka tarehe 30 walichelewesha adui, na Wamarekani wengi wakapata njia ya kurudi nyuma. Hesabu ya Waturuki: 218 walikufa, 455 waliumia, na karibu 100 walikamatwa. Mwezi wa 1 wa 1951, kule Kumyangjang-ni, walipanda kilima na visu vile vile, wakashinda. Marekani ikawapa heshima kubwa.

Mwaka wa 1952 Uturuki iliingia NATO, na wengi wanasema damu ile njo ilifungua mulango. Muzee mwenyewe akaingia siasa. 1954 alichaguliwa mubunge wa Istanbul katika chama cha Menderes. Mwaka wa 1960 jeshi, jeshi lake mwenyewe, likaangusha serikali ile. Wabunge wa chama wakahukumiwa kwenye kisiwa cha Yassıada, na 1961 Menderes akanyongwa.

Muzee alitoa kitabu cha kumbukumbu zake za Korea mwaka wa 1963, na alikufa 1971. Askari 462 wa Uturuki wamelala kule Busan, katika makaburi ya Umoja wa Mataifa.