Mfahamu Hans Berger, daktari aliyenasa umeme wa ubongo

Ikiwa ndugu yako ana kifafa, au anapoteza fahamu mara kwa mara bila sababu kujulikana, huenda daktari akamwandikia kipimo kinachoitwa EEG. Kabla ya siku yenyewe muuguzi atampa masharti ambayo kwa kijana wa mjini yanauma kidogo: fumua msuko, vua wigi, osha nywele kwa shampuu, usipake mafuta wala jeli. Kahawa, chai na vile vinywaji vya kuongeza nguvu, weka kando. Chakula ale kama kawaida, maana njaa ikishusha sukari mwilini hata mawimbi ya ubongo hubadilika. Na dawa zake za kifafa asiziache hata siku moja, isipokuwa daktari mwenyewe amesema.

Sasa, nywele zina kesi gani na ubongo? Ili uelewe, itabidi twende Ujerumani, kwa daktari mmoja mkimya aliyeanza safari yake akitafuta kitu tofauti kabisa.

Hans Berger alizaliwa Mei 21, 1873 katika kijiji cha Neuses, karibu na mji wa Coburg. Baba yake alikuwa daktari, na babu yake mzaa mama, Friedrich Rückert, alikuwa mshairi wa kutajika. Kijana huyo hakuwa na haja na udaktari. Mwaka wa 1892 alijiunga na Chuo Kikuu cha Jena akitaka kusomea hisabati na elimu ya nyota na sayari. Hakumaliza hata mwaka. Alitoka, akaenda kutumikia jeshi kwa mwaka mmoja katika kikosi cha wapanda farasi.

Huko ndiko maisha yake yalipogeuka. Siku moja mazoezini farasi wake alisimama kwa miguu ya nyuma akamtupa chini, moja kwa moja kwenye njia ya mzinga uliokuwa ukivutwa na farasi wengine. Magurudumu yalisimamishwa yakiwa karibu kumsaga. Aliinuka bila jeraha, lakini roho ilikuwa mkononi. Jioni hiyohiyo akapokea simu ya maandishi kutoka kwa baba yake, akiuliza hali yake. Kumbe dada yake, aliyekuwa mbali nyumbani, alishikwa ghafla na hofu kwamba Hans yumo hatarini, akamshikilia baba mpaka simu ikapelekwa.

Wewe pengine utasema ni sadfa tu, na hata mimi ningesema hivyo. Berger hakukubali. Aliamini kwamba katika ile hatari akili yake ilirusha ujumbe, na dada yake akaupokea. Basi akaachana na nyota, akasomea udaktari, akahitimu mwaka wa 1897 na kuajiriwa katika kliniki ya magonjwa ya akili ya Jena chini ya Profesa Otto Binswanger. Alitaka kujua jambo moja: wazo linapozaliwa kichwani, ni nguvu gani ya mwili inayotumika, na je, inaweza kupimwa?

Kwa zaidi ya miaka 20 alipima na kukosa. Alichunguza damu inavyopita ubongoni. Alipima joto la ubongo. Hakupata alichotaka. Wenzake walimjua kama mtu wa saa na ratiba, mkali kidogo, asiyependa mabadiliko, na wengi hawakujua kwamba jioni, kazi ya wagonjwa ikiisha, alikuwa akijifungia kwenye chumba cha majaribio. Mwaka wa 1911 aliolewa na... hapana, alimwoa Ursula von Bülow, aliyekuwa msaidizi wake. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimpeleka jeshini kama daktari wa akili, na mwaka wa 1919 akarithi kiti cha Binswanger.

Kwamba ubongo una umeme, hilo halikuwa jipya. Mwingereza Richard Caton alikuwa ameuona kwa wanyama mnamo 1875. Ila hakuna aliyekuwa ameurekodi kutoka kwa binadamu. Berger alifanikiwa mwaka wa 1924, kwa mgonjwa kijana wa miaka 17 aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa kichwa.

Hebu fikiria ugumu wa kazi yenyewe. Betri moja ndogo ya rimoti ina volti 1.5. Umeme wa ubongo unaofika kwenye ngozi ya kichwa hupimwa kwa sehemu za milioni za volti moja, makumi machache tu. Mashine za kuukuza umeme huo hazikuwapo kliniki kwake. Alitumia galvanomita, chombo kilichosogeza mwale wa mwanga ukachora mstari juu ya karatasi ya picha. Ukipepesa macho, mstari unaruka. Ukikaza taya, unaruka. Jasho, mapigo ya moyo, waya uliolegea, vyote vinaandika juu ya karatasi ileile. Na mafuta yakikaa kati ya ngozi na waya, umeme haupiti vizuri. Hapo sasa unaona kwa nini muuguzi anasisitiza shampuu. Haoni vibaya ulivyopendeza; anajua kwamba mstari mchafu unaweza kusomwa kama ugonjwa, na mtu akapewa dawa asizozihitaji.

Berger aliogopa kosa hilohilo. Kwa miaka 5 hakuchapisha kitu. Alirudia vipimo, akajishuku, akarudia tena. Hata mwanawe Klaus alimweka kitini mara nyingi, akiwa kijana wa kati ya miaka 15 na 17. Hatimaye mwaka wa 1929 akatoa makala yake ya kwanza, akakiita alichokinasa elektroensefalogramu. Alieleza mawimbi ya namna mbili: ya alfa, kama 10 kwa sekunde, yanayotokea mtu akitulia na kufumba macho, na ya beta, ya haraka zaidi. Ukifumbua macho, alfa inafifia.

Wataalamu wengi walimpuuza. Walidhani ni kelele za mashine tu. Mambo yalibadilika mwaka wa 1934, Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge waliporudia jaribio hilo na kuona kilekile. Adrian tayari alikuwa na Tuzo ya Nobel, kwa hiyo alisikizwa. Mwaka uliofuata, kule Boston, Frederic Gibbs, Hallowell Davis na William Lennox walionyesha kwamba kile kifafa cha mtoto kuduwaa kwa sekunde chache kina alama yake kwenye EEG, mawimbi yenye ncha, 3 kwa sekunde. Yaani ugonjwa ambao watu waliuita laana au mashetani, na huku kwetu wapo wanaouita hivyo hadi leo, sasa ulikuwa unaonekana kwenye karatasi.

Ningependa kuishia hapo, lakini maisha ya Berger hayaishii hapo.

Kwa muda mrefu ilisimuliwa kwamba Wanazi walimchukia na kumsukuma nje alipostaafu mwaka wa 1938. Watafiti waliopekua nyaraka baadaye walikuta picha nyingine. Berger alikuwa mfadhili wa SS, na alihudumu kwenye mahakama ya Jena iliyoamua rufaa za watu waliokuwa wamehukumiwa kufungwa uzazi kwa nguvu. Sheria hiyo ya Ujerumani ilipitishwa mwaka wa 1933, na miongoni mwa magonjwa iliyoyataja ni kifafa cha kurithi. Soma tena sentensi hiyo polepole. Mtu aliyewapa wenye kifafa kipimo chao muhimu zaidi ndiye aliyeketi mahali ambapo watu kama wao walinyimwa haki ya kupata watoto. Sioni njia ya kuyafanya mambo hayo mawili yafutane, na sidhani inafaa kujaribu.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya maradhi ya mwili na mfadhaiko mzito. Juni 1, 1941, akiwa na miaka 68, alijitoa uhai katika hospitali ileile ya Jena. Ule ujumbe wa akili kwa akili hakuwahi kuupata kwenye karatasi zake.

Hilo la mwisho mweleze mgonjwa wako, kwa sababu wengi huingia chumba cha EEG na hofu isiyosemwa. Mashine haisomi mawazo wala siri. Haimpigi mtu shoti, inapokea tu umeme wake. Ataketi au kulala kama nusu saa hivi, wakati mwingine zaidi. Ataambiwa afumbe macho, apumue kwa nguvu dakika chache, kisha atazame taa inayomweka. Hatua hizo mbili zinaweza kuamsha dalili za kifafa, na ndiyo sababu mhudumu hamwachi peke yake. Akiwa ameagizwa kukesha usiku wa kuamkia kipimo, msindikize, na asiendeshe gari wala pikipiki siku hiyo.

Jambo jingine: majibu yakitoka safi, haina maana hana kifafa. Kipimo kinaona dakika zile chache tu, ndiyo maana daktari atauliza sana kuhusu kilichotokea nyumbani. Akianguka tena, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika 5 bado anatetemeka, mpeleke hospitalini mara moja. Kama kuna mtu wa pili hapo, na mgonjwa alishakubali, arekodi kwa simu. Video ya dakika moja humsaidia sana daktari. Na ile gundi ya kipimo inatoka kwa maji ya vuguvugu na shampuu. Msusi anaweza kungoja hadi kesho.