MUTU ALIYEFUNDISHA ULAYA KUVAA



Kila asubuhi kazi yangu ni kusimama kwa mulango na kuangalia iniforme. Wadogo zangu wengi wananiuliza: kama sisi wote tunavaa shimizi nyeupe na patalo ya bleu, mutu ataonyesha namna gani namna yake mwenyewe ya kuvaa? Leo ninawajibu kwa maisha ya mutu mumoja wa zamani.

George Bryan Brummell alizaliwa London, Uingereza, tarehe 7 Juni 1778. Hakuwa mutoto wa ukoo mukubwa. Baba yake alikuwa mwandishi wa Lord North, Waziri wa Kwanza. Kwa njia hiyo kijana alipata kusoma Eton, fasi watoto wa wakubwa walisoma. Baba akafa mwaka wa 1794. Mwaka ule ule George akaingia jeshini, katika kikosi cha wapanda farasi cha Mwana wa Mufalme, yule aliyekuja kuwa Mufalme George wa Nne. Wakawa marafiki. Lakini mwaka wa 1798, kikosi kilipoamriwa kuhamia muji wa Manchester, Brummell akaacha jeshi. Akapata uriti wake, zaidi ya paundi 20,000, akakaa London kuwa bwana wa kuvaa.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwa wakati ule wakubwa wa Ulaya walikuwa wamezoea hariri za rangi nyingi, nyuzi za zahabu, unga kwa nywele, na marashi mingi ya kuficha harufu ya mwili. Brummell alitupa vile vyote. Mchana alivaa koti ya bleu nzito, kizibao cha rangi ya ngozi, na patalo ndefu. Mangaribi bleu na nyeusi. Hakuna zahabu. Uzuri ulikuwa katika vitu vitatu: nguo kukatwa sawasawa na mwili, shimizi kufuliwa nyeupe kabisa, na kitambaa cha shingo kutiwa wanga kidogo na kufungwa vizuri. Tena alioga kila siku, akapiga meno mswaki, akanyoa ndevu. Kwa watu wa wakati ule ilikuwa ajabu! Hata Mwana wa Mufalme alikuja nyumbani kwake kumuangalia akivaa. Kostime na kravati za leo zilitoka kwa njia ile.

Kumbe mutu huyu alijua nguo, lakini hakujua hesabu. Rafiki zake walikuwa na mashamba na majumba; yeye alikuwa na ule uriti tu. Akataka kuishi kama wao. Akacheza karata kwa feza, akakopa huku, akakopa kule. Kisha akagombana na Mwana wa Mufalme, akamuchekelea mbele ya watu juu ya unene wake. Wenye kumukopesha wakaanza kupiga mulango. Mwaka wa 1816 alikimbia usiku, akavuka bahari mpaka Calais, Ufaransa. Hakurudi tena London kukaa.

Mwaka wa 1830 serikali ya Uingereza ilimupa kazi ya konsul kwa muji wa Caen, lakini kazi ile haikudumu. Mwaka wa 1835 alifungwa gereza sababu ya madeni. Rafiki walilipa, akatoka. Lakini akili ilianza kupotea, na yule aliyefundisha Ulaya usafi akaacha hata kujisafisha. Alikufa Caen tarehe 30 Machi 1840, katika nyumba ya wagonjwa wa akili, akiwa na miaka 61. Kaburi lake liko kwa makaburi ya Waprotestanti ya muji ule.

Ndugu, simuchekelei, kwa maana nimepita njia yake. Nilipokuwa mwaka wa inne, nilikata feza ya minerval nikanunua viatu vya kung'aa. Siku tatu nilitembea kama waziri. Siku ya nne nilirudishwa nyumbani, na viatu vyangu miguuni, na mama akauza muhogo wa mbegu kunirudisha masomo. Tangu ile siku sijavipenda tena.

Brummell alitufundisha mambo mawili, moja kwa mwanzo wake, lingine kwa mwisho wake. La kwanza: namna yako ya kuvaa haitoki kwa bei. Inatoka kwa sabuni, kwa pasi, kwa sindano ya kupunguza patalo mpaka ikukae, na kwa kujua nini inakufaa wewe. Vile vyote mutoto wa masikini anaviweza, hata ndani ya iniforme. La pili: nguo ya deni haijawa yako. Mwenyewe anaweza kuja kupiga mulango saa yoyote.

Basi, kesho asubuhi nitakuwa kwa mulango kama kawaida. Sitaangalia bei ya viatu. Nitaangalia kola.