Joseph Hooker na Mimea ya Bahari ya Barafu

Zamani kidogo, katika mazoezi ya kufundisha, tulikaa nyuma ya darasa kumsikiliza mwanachuo wetu akifundisha mahitaji ya mmea: nuru, maji, hewa na chakula cha udongoni. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini mahindi ya shamba la shule yalikuwa ya manjano ilhali mvua na jua vilikuwa tele. Aliambiwa asivuruge somo. Nasi tulimpa mwanachuo yule alama nzuri, kwa kuwa alimaliza kwa wakati. Tangu siku hiyo tumekuwa tukisimulia chuoni maisha yafuatayo.

Joseph Dalton Hooker alizaliwa tarehe 30 Juni 1817 huko Halesworth, Uingereza. Baba yake alikuwa profesa wa elimu ya mimea katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na mtoto alianza kuhudhuria mihadhara yake akiwa na umri wa miaka saba. Mwaka 1839 alihitimu uganga, akaajiriwa kuwa msaidizi wa daktari katika meli ya Erebus. Meli hiyo na mwenzake, Terror, ziliongozwa na James Clark Ross kwenda kuchunguza bahari za Ncha ya Kusini, zikarejea mwaka 1843.

Kadiri meli zilivyosogea kusini, ndivyo mimea ya nchi kavu ilivyopungua hata ikawa kama haipo. Hooker hakukata tamaa, bali aliigeukia bahari. Aliona barafu iliyotiwa rangi ya hudhurungi, akaichunguza kwa hadubini, akakuta daiatomu, yaani vijimea vya seli moja vyenye ganda la silika. Baadhi ya sampuli alimpelekea mtaalamu Ehrenberg huko Berlin. Alitambua kwamba vijimea hivyo ndivyo vinavyoshika katika bahari ile nafasi ya majani katika nchi kavu: wanyama wote hutegemea chakula kinachoanzia hapo.

Lakini kwa nini mahali pengine pawe na vijimea vingi na pengine vichache? Hilo Hooker hakulijua. Maji ya Bahari ya Kusini yana naitreti na fosfeti kwa wingi, ambazo huletwa juu na maji yapandayo kutoka vilindini. Hata hivyo, sehemu kubwa ya bahari hiyo haina mimea ya kulingana na utajiri huo. Mwaka 1988 John Martin wa Marekani na mwenzake walionyesha kwamba maji ya Pasifiki ya kaskazini yakitiwa chuma kidogo tu, vijimea vyake hustawi. Februari 1999 wataalamu walitia chuma katika Bahari ya Kusini yenyewe, kusini ya Australia, na vijimea vikaongezeka. Kilichopungua kuliko vyote ndicho kilichoweka mpaka.

Visiwa vya Kerguelen, ambako Hooker alikaa majira ya baridi ya mwaka 1840, vinathibitisha jambo hilo. Hapo sakafu ya bahari imeinuka, chuma chake hufikia maji ya juu, na kila kiangazi bahari hujaa vijimea. Katika Bahari ya Aktiki mambo ni mengine: maji mepesi ya barafu iliyoyeyuka hutanda juu na kuzuia yale ya chini yasipande, hivyo mara nyingi naitreti ndiyo iishayo kwanza.

Hooker alisafiri pia Himalaya, akawa rafiki mkubwa wa Darwin, na tangu 1865 hadi 1885 aliongoza bustani ya mimea ya Kew. Alifariki tarehe 10 Desemba 1911, akiwa na umri wa miaka 94.

Tunashauri mwalimu asimulie kisa hiki kabla ya kuandika orodha ubaoni. Kisha awapeleke wanafunzi shambani, wapande mahindi katika vyungu, kila chungu kikikosa kirutubisho kimoja, wapime urefu na kutazama rangi kila juma. Watajionea kwamba wingi wa samadi haufidii upungufu wa maji, wala wingi wa maji haufidii upungufu wa samadi.

Swali lililozuka barafuni katika safari ile lilingoja zaidi ya miaka 150 kupata jibu. Swali la mahindi ya manjano lingeweza kujibiwa katika muhula mmoja, kama sisi tuliokaa nyuma ya darasa tungalilithamini.