Seymour Cray, fundi wa mashine za kasi

Vijana wanaojiundia kompyuta kwa vipuri vya bei nafuu, kisha wakaisukuma ipige mbio kuliko ilivyopangiwa kiwandani, wanaifuata njia aliyoipita kabla yao Seymour Cray wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 28 Septemba, 1925, katika mji mdogo wa Chippewa Falls, jimbo la Wisconsin. Baba yake alikuwa mhandisi, na chumba cha chini ya nyumba yao kikaachiwa mtoto kiwe karakana yake. Alipotimiza miaka 10 alikwisha kuunda kidude cha kugeuza matundu ya utepe wa karatasi yakawa ishara za Morse. Vita vikampeleka Ulaya na Ufilipino. Aliporudi alisoma uhandisi wa umeme, kisha hisabati, katika Chuo Kikuu cha Minnesota.

Kampuni ya Control Data, iliyoanzishwa 1957, haikuwa na fedha nyingi. Cray akaenda duka la vifaa vya umeme, akanunua transista za rahisi kabisa, zisizolingana nguvu, kisha akaipanga mashine izivumilie kasoro zake. Hivyo ndivyo ilivyopatikana ile iliyoitwa 1604. Hapa ndipo nimpendapo zaidi. Fundi wetu wa majahazi naye hulitafuta tawi lililopinda, akalifanya taruma.

Mwaka 1964 ikatoka 6600, iliyozishinda kompyuta zote duniani kwa kasi. Waliofanya kazi hiyo walikuwa 34 tu, mfagiaji akiwamo, na mkuu wa IBM, mwenye maelfu ya watu, aliudhika sana. Siri ilikuwa mbili. Umeme nao una safari: hata nuru haipiti sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, basi waya ukiwa mrefu, mashine hungoja. Tena mashine ikienda mbio huwa na joto, na joto huiua. Cray akaipoza kwa gesi ya friji. Cray-1 ya 1976 aliipinda mfano wa upinde ili nyaya ziwe fupi. Bei yake, hata hivyo, ilikuwa mamilioni ya dola.

Lakini ilikuja fikira nyingine: badala ya kuikimbiza prosesa moja, kwa nini zisifungwe mbili, zikagawana kazi? Mwaka 1982 kampuni yake Cray mwenyewe ikatoa X-MP yenye prosesa mbili, nayo iliundwa na Steve Chen, si yeye. Cray alikubali chache; Cray-2 ya 1985 ilikuwa na nne. Maelfu ya zile ndogo aliyakataa, akiyafananisha na kuku waliofungwa jembe, na hali maksai wawili wangetosha. Nadhani hapo ndipo alipokosea. Prosesa ndogo zilishuka bei kila mwaka, zikazidi nguvu. Yeye akatumia mali nyingi kuunda Cray-3, na wanunuzi hawakutokea. Machi 1995 kampuni yake ya Colorado Springs ikafilisika.

Alikuwa karibu na miaka 70. Mwaka uliofuata akafungua kampuni nyingine, akaanza kubuni mashine ya prosesa nyingi, zile zile alizozikataa. Tarehe 22 Septemba, 1996, gari lake likapata ajali barabarani. Alifariki tarehe 5 Oktoba, na mashine ile hakuiona ikimalizika.