Denis Burkitt: Daktari wa Mulago aliyezitetea nyuzinyuzi

Wakaazi wengi wa Kampala wanaopunguza wanga, ama kwa sababu ya kisukari ama kwa ajili ya uzito, huondoa matoke na posho mezani na kubakiza nyama, mayai na maziwa. Haupiti muda, wengine wao hufunga choo. Daktari aliyetumia miaka yake ya mwisho kulieleza tatizo hilo aliwahi kufanya kazi katika jiji hili hili, kwenye kilima cha Mulago.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho la kulia katika ajali. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, kisha akageukia udaktari. Baada ya kutumikia jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alipelekwa Lira mwaka 1946, na miaka miwili baadaye akahamishiwa Kampala.

Mwaka 1957, mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya. Kutokana na mtoto huyo, Burkitt aliifuatilia saratani ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri wiki 10 kwa gari kuukuu, wakizuru hospitali hadi Afrika Kusini ili kujua ugonjwa huo unakoishia.

Wengi humkumbuka kwa hilo tu. Lakini aliporejea Uingereza mwaka 1966, alikutana na Peter Cleave, tabibu wa jeshi la wanamaji aliyeamini kwamba sukari na unga mweupe ndivyo chanzo cha maradhi mengi. Burkitt akaikumbuka Mulago: kidole tumbo, mawe ya nyongo na saratani ya utumbo mpana vilikuwa nadra miongoni mwa wagonjwa wake Waafrika, ilhali vilijaza wodi za Uingereza. Trowell, aliyefanya kazi Afrika Mashariki karibu miaka 30, alikwisha kuyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1960.

Kisha Burkitt akafanya jambo lililowachekesha baadhi ya wenzake: alipima choo. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1972 pamoja na Alec Walker na Neil Painter yalionesha kwamba wanavijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na mabaharia wa Uingereza takriban 100. Chakula cha wanavijiji kilipita tumboni kwa siku moja na nusu hivi; cha mabaharia kilichukua zaidi ya siku tatu.

Si yote aliyodai yaliyothibitika. Alilinganisha watu waliotofautiana kwa umri, kazi na mazingira, na wakosoaji walikuwa na haki ya kuuliza. Hata hivyo, kuhusu kufunga choo na saratani ya utumbo mpana, uchunguzi mwingi wa baadaye umeelekea upande wake.

Aghalabu husahaulika kwamba Burkitt hakuulaumu wanga wenyewe, bali wanga uliovuliwa ganda lake. Nyuzinyuzi ni wanga usiomeng'enywa, kwa hiyo hazipandishi sukari mwilini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Anayeacha posho anaweza kuzipata sokoni Nakasero au Owino: nakati, dodo, bugga, kabichi, bamia, biringanya, karanga, simsim. Gramu 100 za parachichi zina nyuzinyuzi gramu sita hadi saba, na wanga mwingine kidogo mno. Ziongezwe polepole, pamoja na maji ya kutosha. Na anayetumia dawa za kisukari amwone daktari kabla ya kupunguza wanga, kwani sukari yaweza kushuka kupita kiasi.

Trowell alifariki mwaka 1989. Burkitt alimfuata tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.