Dkt. Leader Stirling: Mpasuaji wa Lulindi

Soma wasifu ufuatao kwa makini, kisha jibu maswali.

Leader Stirling alizaliwa Uingereza mwaka 1906 na kusomea udaktari London. Mwaka 1935 alikuja Tanganyika kufanya kazi katika misheni ya Kianglikana ya UMCA, Dayosisi ya Masasi. Kituo chake kilikuwa Lulindi, chini ya uwanda wa Makonde. Mtahiniwa wa Kitangari au Newala anaifahamu nchi hiyo: juu ya uwanda hakuna mito, na kwa miaka mingi akina mama waliteremka mabondeni kuchota maji. Kwa mpasuaji, maji safi ni silaha.

Ngozi ni ukuta wa mwili. Kisu kinapoukata, bakteria hupata mlango. Stafilokokasi huishi puani na kwenye ngozi ya watu wazima wa afya, pamoja na mgonjwa mwenyewe na mganga wake. E. koli huishi utumboni, hivyo huingia kidondani utumbo unapopasuliwa. Pseudomonasi hupenda mahali penye unyevu. Wakishaingia na kuongezeka, kidonda huvimba, huwa chekundu na chenye joto, huuma na kutoa usaha. Sumu zao zikienea katika damu, mgonjwa aliyenusurika kisu anaweza kufa kwa kidonda.

Stirling alipofika Masasi, penisilini ilikuwa bado haijawa dawa ya hospitali. Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928, lakini ilianza kutumika kwa wingi katika miaka ya 1940. Mpasuaji wa zama hizo alitegemea usafi: kunawa mikono, kuchemsha vifaa na kufunika kidonda kwa kitambaa safi. Msingi huo uliwekwa na Joseph Lister mwaka 1867.

Penisilini ilipoenea, wengi walidhani vita vimekwisha. Haikuwa hivyo. Tangu mwaka 1940 watafiti wa Oxford walikuwa wameeleza kimeng'enya cha bakteria kinachovunja penisilini. Mwaka 1961, huko Uingereza, iliripotiwa stafilokokasi isiyouawa na methisilini, dawa iliyotengenezwa ili kuushinda usugu huo. Hapa nchini, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutoka Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliikuta stafilokokasi ikiongoza katika vidonda vya upasuaji, na baadhi yake ilikuwa sugu kwa methisilini.

Usugu hutokeaje? Miongoni mwa bakteria wengi huwapo wachache waliobadilika kijenetiki. Dawa huua wale dhaifu. Wachache hao hubaki, huzaana na hata kuwapa wenzao jeni za usugu. Kutumia viuavijasumu bila sababu au kwa namna isiyo sahihi huwapa nafasi zaidi.

Mwaka 1949 Stirling alihamia Hospitali ya Mnero, Nachingwea, na baadaye Kibosho, Kilimanjaro. Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958, akachukua uraia wa nchi hii baada ya Uhuru, na kuwa Waziri wa Afya kuanzia 1975 hadi 1980. Alifariki mwaka 2003. Maisha yake yalianzia katika upasuaji usio na penisilini, yakaishia katika zama za dawa zinazoshindwa. Katika zama zote mbili, mikono iliyonawa ilibaki kinga ya kwanza.

Zingatia: Anayekuwa sugu ni bakteria, si mwili wa mgonjwa. Watahiniwa wengi hupoteza alama hapa.

Maswali
1. Taja bakteria watatu waliotajwa na mahali kila mmoja anapopatikana.
2. Kwa nini usafi ulikuwa tegemeo kuu la mpasuaji mwaka 1935?
3. Eleza hatua kwa hatua jinsi usugu unavyotokea.
4. Fupisha aya ya mwisho ya wasifu kwa maneno yasiyozidi 30.