Albert Calmette, daktari aliyepunguza ukali wa kijidudu cha kifua kikuu

Mtoto anayezaliwa katika komini ya Manika, mjini Kolwezi, hupaswa kuchomwa sindano ya BCG katika siku zake za kwanza. B ni basili, yaani kijidudu. C ni Calmette. G ni Guérin. Calmette ni daktari Mfaransa aliyefariki mwaka 1933, na kijidudu alichokilea maabarani bado kinawafundisha watoto wa Lualaba kujikinga na kifua kikuu.

Albert Calmette alizaliwa tarehe 12 Julai 1863 mjini Nice. Alisomea udaktari katika jeshi la majini, akatumwa China, kisha Gabon na Kongo, ambako alichunguza malaria na ugonjwa wa malale. Mwaka 1891 alianzisha Taasisi ya Pasteur mjini Saigon, Vietnam. Uchunguzi alioanza huko kuhusu sumu ya nyoka ulizaa mojawapo ya dawa za kwanza za kuwaponya walioumwa.

Mwaka 1895 alipewa kuongoza Taasisi ya Pasteur ya Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Eneo hilo lilikuwa la viwanda vya nguo na migodi ya makaa ya mawe. Wafanyakazi walilala wengi katika chumba kimoja, na kifua kikuu kilipita nyumba kwa nyumba. Calmette alichunguza safura ya wachimbaji, na mwaka 1901 akafungua zahanati ya kuwasaidia wagonjwa wa kifua na jamaa zao.

Pamoja na Camille Guérin, daktari wa mifugo, alichukua kijidudu kutoka kwa ng'ombe mgonjwa. Walikiotesha juu ya viazi vilivyopikwa katika nyongo ya ng'ombe, wakagundua kwamba ukali wake unapungua. Kuanzia mwaka 1908 walikihamisha kwenye viazi vipya kila baada ya wiki tatu hivi. Vita vya 1914-1918 vilipofika, Wajerumani waliuteka Lille, na mke wa Calmette akachukuliwa mateka. Kazi haikusimama. Baada ya miaka 13 na mihamisho 230, kijidudu hicho hakikuwaletea tena wanyama ugonjwa. Mwaka 1921, mjini Paris, mtoto mchanga ambaye mama yake alikuwa amekufa kwa kifua kikuu alinyweshwa chanjo hiyo kwa mara ya kwanza.

Calmette aliona matokeo, lakini hakuweza kuona sababu. Ilianza kufahamika katika miaka ya 1990, wanasayansi walipolinganisha jeni za vijidudu. BCG ilikuwa imepoteza kipande cha jeni kinachoitwa RD1. Kijidudu kikali hutumia kipande hicho kutengeneza protini za kutobolea chumba ambamo chembe za kinga za mwili hukifungia. BCG haina silaha hiyo. Inabaki kifungoni na kumezwa, lakini askari wa mwili wanakuwa wameshaijua sura ya adui. Ndiyo maana pia kuna kipimo cha damu kinachotafuta mwitikio wa kinga dhidi ya protini hizo: aliyechanjwa tu haonyeshi, aliyeambukizwa huonyesha.

Tofauti haziishii hapo. Mbegu za BCG zilizotumwa nchi mbalimbali ziliendelea kubadilika, na leo hazifanani kabisa kijeni. Vijidudu vya kifua kikuu vyenyewe vina koo zake: baadhi huamsha kinga ya mwili kwa nguvu tangu mwanzo, na vingine huingia kimyakimya.

Mwaka 1930 msiba uliukumba mji wa Lübeck, Ujerumani. Watoto wapatao 250 walinyweshwa chanjo, na zaidi ya 70 wakafa. Lawama zilimwangukia Calmette. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanjo ilichanganyika na vijidudu vikali katika maabara ya huko, na mwaka 1932 mahakama iliwatia hatiani madaktari wawili wa mji huo. Calmette alifariki Paris tarehe 29 Oktoba 1933, jina lake likiwa limesafishwa lakini moyo umejeruhiwa.

Kazi yake ina mpaka ambao wakaaji wa mji wa migodi wanapaswa kuujua. BCG huwakinga watoto wadogo na kifua kikuu kikali, hasa kile kinachoshambulia ubongo. Kwa mtu mzima kinga hiyo ni dhaifu, na vumbi la mawe analovuta mchimbaji huongeza hatari. Kovu la utotoni mkononi halimkingi mtu maisha yake yote. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili anapaswa kupeleka makohozi yake kupimwa katika kituo cha afya. Nchini Kongo dawa za kifua kikuu hutolewa bure.